Ndimu, Mkojo na Mbabula

Kozi ya biokimia niliisoma mara tatu, kwa profesa yule yule, katika chumba kile kile, na tafadhali usinicheke: sikuanguka hata mara moja. Mara ya kwanza nilipata alama nzuri, mara ya pili nzuri zaidi, mara ya tatu hakuna aliyetupa alama. Vita njo ilitufanya turudie.

Siku zile, hapa Kindu, profesa wa kozi ngumu hakuwa mtu wa kukaa. Alikuja na ndege kutoka Kisangani, akafundisha kozi nzima kwa wiki mbili, asubuhi mpaka jioni, kisha akapanda ndege akaenda zake. Sisi tuliandika mpaka vidole vikaingia ganzi. Maabara hatukuwa nayo. Mazoezi yote yalifanyika ubaoni: profesa alichora tyubu kwa chaki, akachora moto chini yake, akasema, "Hapa mnapata rangi ya zambarau," nasi tukaandika zambarau. Mtihani ukikuuliza umeona nini, ulijibu zambarau. Ungeniapisha mbele ya kadhi, ningeapa nimeiona.

Huyu wa biokimia alikuwa mtu wa kitambi kidogo, shati jeupe lililopigwa pasi, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Ndani ya soksi aliyoigeuza mfuko alikuwa na tyubu chache za kioo, vichupa virefu vyembamba vya kuchemshia. Siku ya kwanza alizitoa akatuonyesha, moja moja, kama mzazi anavyoonyesha picha za watoto wake, kisha akazirudisha kwenye soksi. "Dawa za kutia humu hatuna," akasema, akageukia ubao.

Nyumbani, mtaa wa Mikelenge, aliyenicheka zaidi ni yaya, dada yangu mkubwa. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, Alunguli, na kila Ijumaa alivuka na mtumbwi kuja kumwona mama. Masomo aliyaacha zamani ili aolewe. Alinikuta uani nikikariri asidi za amino kwa sauti, akaketi kando yangu, akavua viatu.

"Mambo gani hayo unasoma?"

"Vitu vya ndani ya mwili. Vidogo sana, havionekani."

"Havionekani?"

"Havionekani."

"Sasa mwalimu anajua namna gani kama hukumudanganya?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilinuna. Yaya njo alikuwa vile, mdomo wake haukuwa na kufuli. Lakini ndani ya mwaka ule alikuwa na haki ya kucheka kuliko sisi wote, maana baada ya miaka mingi ya ndoa bila mtoto, ya mama mkwe kumtazama tumbo kila mwezi na majirani kumuuliza "bado?", hatimaye alikuwa amebeba mimba. Tulikuwa tunaiangalia mimba ile kama yai mkononi.

Profesa alimaliza wiki zake mbili, akatupa mtihani, akafunga sanduku. Ndege haikuja. Siku iliyofuata pia haikuja. Kisha tukaelewa kwamba haitakuja, na njia za barabara na za reli zilifungwa pia. Wenye bunduki walioshika mji walikuwa ndani, wenye bunduki wa pori walikuwa nje, na sisi katikati kama mahindi kwenye kinu. Mchele wa Kibombo ukakatika. Samaki wa Lokandu wakakatika. Mashamba yalikuwa nje ya mji, na mwanamke aliyekwenda shambani ama hakurudi, ama alirudi bila nguo na bila neno.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Profesa wetu tungempa jembe la wapi, na mashamba yenyewe hayafikiki? Tukampa chaki. Maprofesa wengine wote waliotakiwa kuja walikuwa wamekwama huko kwao, na wakubwa wa chuo walimwambia: afadhali wanafunzi wasome kitu kuliko kukaa mitaani wakichukuliwa kubeba mizigo ya askari. Naye kitu alichokuja nacho ni kimoja tu. Basi akaanza upya ukurasa wa kwanza, "Maji na umuhimu wake," nasi tukaandika upya.

Mara hii ya pili hakuwa na haraka. Alikaa juu ya meza, akatuuliza maswali, akangoja majibu. Siku moja aliomba kwa sista wa zahanati matone ya iyodini, ile dawa ya vidonda, akatia juu ya kipande cha muhogo. Muhogo ukawa mweusi wa kuingia kwenye buluu. Jamani! Ilikuwa rangi ya kwanza ya biokimia niliyoiona kwa macho yangu. Mwenzetu mmoja aliinua mkono, akauliza kwa heshima zote, "Profesa, kisha tunaweza kuikula?" Tulicheka. Somo lilipokwisha kipande kile hakikuwepo tena mezani.

Ndipo akatufundisha albumini. "Ni protini," alisema, "ile ile ya ute wa yai. Ndani ya damu kazi yake ni kushika maji yasitoke kwenye mishipa. Mtu asipokula protini, albumini inapungua, maji yanatoroka, yanashuka chini." Hakuna aliyeandika. Wote tulikuwa tumeinama kutazama miguu yetu. Mji mzima ulikuwa umevimba miguu. Ukibonyeza kidole juu ya mfupa wa chini ya goti, shimo linabaki, na watoto walifanya mchezo wa kuhesabu hadi shimo lijae. Sisi sasa tulijua jina la kile kinachokosekana. Tulijiona wakubwa sana.

Kwa hiyo yaya alipoanza kuvimba, hakuna aliyeshtuka. Njaa, alisema mama mkwe wake. Njaa, alisema muganga wa zahanati ya Alunguli bila hata kumgusa, maana foleni yake yote ilikuwa na miguu ile ile. Mama yangu alikuwa anajinyima viwavi vikavu alivyopata kwa masera, wale masista, ananipa nimpelekee ng'ambo. Mimi mwenyewe nilijinyima. Yaya alikula, akamshukuru Mungu, akazidi kuvimba. Vidole vikawa vinene, pete ikakataa kutoka. Uso ukajaa.

Uso ule ulimletea matusi. Katika mji wa watu wenye mashavu yaliyoingia ndani, mwanamke mwenye uso mviringo ni mwizi. "Huyu anashibia wapi?" walisema mtoni. Wakasema mume wake anawabebea askari mizigo, wakasema mama mkwe ameficha gunia la maharage chini ya kitanda. Siku moja majirani waliingia wakainua godoro. Yaya aliwaambia, "Angalieni vizuri, labda nimeficha na ng'ombe." Alikuwa na kichwa kinamuuma siku hiyo, lakini mdomo ulikuwa bado mzima.

Mara ya tatu profesa aliingia darasani amevaa sapatu, maana viatu vyake havikuingia tena miguuni. Shati lilikuwa jeupe bado, ila shingo ilicheza ndani yake. Suruali aliifunga na kamba. Tulijua kila sentensi atakayosema. Akafunga syllabus yake, daftari la kozi, akaiweka chini. "Leo," akasema, "tunafanya mazoezi ya kweli. Moto upo, ndimu zipo. Yai hakuna. Lakini kuna kitu hata mwenye njaa hakosi."

Aliazima mbabula, jiko la makaa, kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mihogo nje ya uzio, makala yake yakiwa bado mekundu. Akatoa tyubu yenye maji ya njano. Aliishika chini, akaipasha moto sehemu ya juu tu, akiizungusha. Pale juu pakafanya wingu, kisha pakawa peupe kabisa. "Msikimbilie kuandika," akasema. "Wingu linaweza kudanganya. Kuna chumvi za kawaida zinazochafuka zikipata moto. Tunamuuliza ndimu." Akakamua matone. "Kama ni chumvi, wingu linaondoka. Kama ni albumini, linabaki." Tulisogea. Weupe ulibaki, ukaanza kushuka kama maziwa yaliyoganda.

"Andikeni. Positifu."

"Profesa," mmoja aliuliza, "ni mkojo wa nani?"

"Wa profesa wenu."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Yeye aliendelea kwa sauti ile ile ya kufundisha. Akasema albumini inapungua mwilini kwa njia mbili. Ya kwanza ni sufuria kukosa kitu. Ya pili ni figo kuvuja, na hapo hata ukila ng'ombe mzima, inatoka chini. Miguu inavimba vile vile. "Nyinyi mmeniangalia miguu mkasema maskini, njaa. Mimi ugonjwa huu nilikuja nao, na dawa zangu zilikwisha zamani. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa hii, unaweza."

Kisha akataka wenye miguu iliyovimba wajaribu. Nilikwenda nyuma ya jengo nikarudi na yangu. Ilipopata moto ikafanya wingu, roho ikanitoka. Tone la ndimu likaanguka, wingu likaondoka. Wenzangu walipiga makofi. Sijawahi kufurahia njaa kama nilivyoifurahia dakika ile.

Na hapo hapo nikamkumbuka yaya.

Nilimweleza profesa: mimba ya karibu miezi minane, uvimbe mpaka usoni, kichwa. Hakuniacha nimalize. Akauliza kama anaona nyota machoni. Nikasema juzi alilalamika kwamba anaona vimulimuli mchana. Akachukua soksi yake. Tyubu nyingine zote zilikuwa zimepasuka motoni mazoezini, ilibaki moja. Akaisuuza, akanipa, na ndimu nusu. "Ikibaki nyeupe, usingoje asubuhi. Hiyo ni njia ya kifafa cha mimba. Dawa yake ni mtoto kutolewa, na anayeweza kumtoa yuko hospitali ya upande huu wa mto. Unanisikia? Usingoje asubuhi."

Nieleze jambo moja la mto, maana bila hilo huwezi kuelewa. Askari walioshika mji waliogopa watu wa pori wasivuke kwa mitumbwi. Mitumbwi wangeichoma, wao pia wangekosa samaki. Wakabuni njia nyingine: kila jua linapoanza kuinama, walipita pwani zote mbili wakikusanya makasia yote, wakayafungia chumbani, na asubuhi wakayarudisha. Mitumbwi ilibaki pale, imefungwa, bila kitu cha kuisukuma. Mtu wa Alunguli aliyeugua jioni aliugua Alunguli.

Nilivuka jua likiwa bado juu. Yaya nilimkuta amelala juu ya mkeka, kitambaa kimekazwa kichwani. Shemeji alikuwa ametoka kutafuta chakula. Mama mkwe alikuwa ukumbini akipika sombe, majani ya muhogo, bila mawese wala chumvi, kwenye mbabula moja waliyokuwa nayo.

"Shikamoo mama. Naomba mbabula kidogo."

"Marahaba. Ya kupika nini?"

Ningesema uwongo! Ningesema dawa, ningesema majani ya kichwa. Lakini nilikuwa nimefundishwa kusema kitu kwa jina lake.

"Mkojo wa yaya. Nataka kuupima."

Weee. Mwanamke yule aliinuka na mwiko mkononi. "Mukojo? Kwenye moto ya chakula? Njo mambo wanafundisha kule, kupika najisi?" Alikuwa mtu wa sala, nyumba yake ilinukia udi hata wakati wa njaa, na sombe ile ilikuwa chakula chao cha siku nzima. Nilimweleza albumini. Nilimweleza figo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwendawazimu. Majirani wakaja, wale wale wa godoro, wakasema nimeletwa kuroga mimba. Nikawajibu maneno ambayo binti wa watu hajibu. Tuligombana, jua linatembea. Mwishoni yaya mwenyewe alitoka ndani ameshika ukuta.

"Mama," alimwambia mkwe wake, "mumuache. Miezi yote hii anasoma vitu havionekani. Mumuache leo aone kimoja."

Mama mkwe akaitoa sufuria, akaitupa chini hata sombe ikamwagika nusu, akatoka nje. Yaya alinipa mkojo ndani ya kikombe. Ulikuwa kidogo, mzito, rangi ya chai. Niliupasha moto. Haukufanya wingu, uliganda. Nikakamua ndimu yote, nikakamua mpaka ganda. Haukubadilika.

"Nyeupe," alisema yaya akitazama. "Ni vizuri ama vibaya?"

Nilimwambia tunavuka sasa hivi. Mama mkwe, kutoka mlangoni, akasema mke wa mtu hatoki bila mume wake kujua. Kwa hilo hata yaya hakubisha. Tulimngoja shemeji. Alikuja na kifurushi cha mihogo, mtu mpole, akaniangalia, akaiangalia tyubu, akamweka mke wake juu ya baiskeli bila kuuliza swali la pili. Tulisukuma mbio mpaka pwani. Askari walikuwa wanapanda kutoka majini, makasia ya mwisho yako mabegani mwao.

Nilimshika mkubwa wao mkono. Leo nashangaa nilivyothubutu.

"Anazaa sasa?"

"Hapana, afande. Lakini..."

"Anatoka damu?"

"Hapana."

"Sasa ana nini?"

"Ana albumini kwenye mkojo." Nikamwonyesha tyubu. Nilikuwa nimeibeba kama ushahidi mahakamani. "Unaona hii nyeupe? Inaonyesha atapata kifafa. Leo. Tuazime kasia moja tu, shemeji atalirudisha."

Aliichukua. Aliinusa. Wenzake wakacheka, naye akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyechoka aliyepata kichekesho cha jioni. "Mwanamke anatembea, anaongea, hana damu, nami nifungue mto kwa sababu ya mukojo?" Akairusha tyubu ya profesa katikati ya Lualaba. "Asubuhi," akasema.

Yaya, juu ya baiskeli, akasema, "Mudogo wangu, leo hata mto umejua siri yangu." Ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyaelewa.

Usiku ule siusimulii. Degedege zilikuja, zikaja tena. Asubuhi makasia yalirudishwa, tukavuka, na hospitali walimtoa mtoto, msichana, mdogo kiasi cha kuenea kwenye kanga iliyokunjwa. Alilia. Yaya hakumsikia. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tunatafuta sanda.

Baada ya matanga nilirudi darasani kwa sababu sikujua kwingine kwa kwenda. Profesa alinisubiri mlangoni. Nikamwambia tyubu imepotea. Akasema haidhuru. Akauliza, "Ilibaki nyeupe?" Nikasema ilibaki. "Basi ulipima vizuri," akasema. "Hitimisho lako lilikuwa sahihi."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka. Sahihi! Nani alihitaji usahihi? Nilimwambia, mtu mgonjwa vile, mbele ya wenzangu, kwamba kozi yake ni uchuro, kwamba afadhali angetuachia chaki na rangi za uwongo, maana zambarau ya ubaoni haijamuua mtu. Alivua miwani, akalia, akiifuta na kona ya shati. Siku zilizofuata tulirudi kwenye kuchora tyubu ubaoni, maana ya kweli haikuwepo tena. Ndege ya kwanza ilipokuja kutua, alipandishwa ameshikwa mikono miwili, na mpaka leo sijapata mtu wa kuniambia alifika wapi.

Mtoto alichukuliwa na upande wa baba, ndivyo desturi ilivyo. Shemeji alikwenda Pangi kwenye machimbo, akaoa huko. Aliyemlea mtoto ni yule mama mkwe, ambaye sasa tulimwita bibi. Sikumsamehe. Nilivuka kumwona mtoto, nikambebea nguo, madaftari, nikamsalimia bibi kwa midomo tu na kuondoka bila kunywa maji yake. Kila nilipoingia mlango ule nilisikia sombe ikimwagika. Niliwaza: kama mwanamke huyu angenipa moto nilipouomba, jua lingekuwa bado juu.

Leo mimi njo nafundisha mazoezi ya biokimia. Tuna chumba, tuna meza ya vigae, tuna tyubu za kutosha na dawa za rangi wakati mwingine. Zambarau nimeiona, si kitu cha ajabu. Lakini kila mwaka somo la kwanza ni lile la moto na ndimu, na kila mwanafunzi analeta mkojo wake mwenyewe. Wananiita Mama Mukojo kwa nyuma. Najua. Kuna vijikaratasi siku hizi, unachovya, rangi inakwambia, na wanafunzi wananiuliza kwa nini tunahangaika na makala. Nawajibu kwamba vijikaratasi vinakwisha. Ndimu hazikwishi.

Msimu huu wa mvua mtoto wa yaya amebeba mimba yake ya kwanza. Ana mdomo wa mama yake, hakuna aliyemfundisha. Alinipigia simu.

"Mama mudogo, miguu yangu imekuwa ya tembo. Kwa zahanati wamesema vijikaratasi vimekwisha, nirudi Jumatatu."

"Kichwa?"

"Kinauma kidogo. Usianze."

Sikungoja aseme neno lingine. Nilivuka na mtumbwi wa mota, tyubu kwenye mkoba, ndimu kwenye mkoba. Nilimkuta kwa bibi, maana mimba ya kwanza alitaka kuilea kwenye nyumba aliyokulia. Mbabula yake ilikuwa na maharage yanayochemka. Nikasema haidhuru, nipe mafiga matatu, nitawasha nje nyuma ya nyumba, sitaki maneno na mtu. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka wake. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, anaona mwanga tu. Alitambua sauti yangu.

"Umekuja na ndimu?"

Nilisema ndiyo.

"Nyuma ya kitanda changu, ndani ya gunia. Lete."

Mtoto wa yaya alishangaa. "Ile? Bibi, ile hapana muntu anagusaka! Mama mudogo, nilikulaka fimbo kwa sababu ya kitu ile. Sisi tulijua ni najisi."

Alilivuta gunia. Ndani yake mlikuwa na mbabula ya zamani, imeliwa kutu ubavuni, ila imepanguswa, na makala makavu yamepangwa juu yake tayari. Niliijua kabla haijatoka nusu.

"Si najisi," alisema bibi. "Ni ya mkojo. Tangu siku ile sikupikia chakula tena. Nilijua tumbo lingine litaingia nyumba hii, na wewe utakuja kuomba moto. Washa."

Niliwasha. Mtoto wa yaya alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na kikombe, akicheka kwamba sisi wazee wawili tumerukwa na akili. Nilimimina, nikaishika tyubu chini, nikapasha juu. Wingu likafanyika. Likazidi. Nikaketi chini kwenye vumbi na tyubu mkononi.

"Mbona kimya?" alisema bibi. "Nyeupe?"

Nilikata ndimu kwa meno. Tone la kwanza lilianguka pembeni. La pili liliingia. La tatu. Wingu likalegea, likapasuka, likaondoka, na maji ya njano yakabaki matupu, naona vidole vyangu upande wa pili.

"Imesafika, bibi," nilimwambia. "Ilikuwa chumvi tu. Imesafika."

"Unaona vizuri wewe?"

"Naona."

"Mara moja haitoshi. Pima tena."

Mtoto wa yaya alisema hana mkojo mwingine, yeye si pompa ya maji. Bibi akamwambia anywe maji, tutamngoja. Kisha akanyoosha mkono kando yake akatafuta kikombe, akakijaza kutoka kwenye mtungi, akanisogezea mimi pia. Nilikunywa chote. Tulikaa pale pande mbili za mbabula, na makala yalipoanza kufifia, bibi aliinama akayapuliza.